Nililipwa Kuandika "Sisi"

Kuna kipindi nilikuwa najilisha kwa kuandikia wanafunzi wa ng'ambo insha zao. Nasema hivi mapema ili usije ukanipa heshima nisiyostahili. Nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa tatu, deni la karo limenifungia mlango wa mtihani, na kazi hiyo ndiyo iliyolipa kodi ya chumba changu kimoja pale Kahawa West. Oda zilikuja usiku. Unachukua, unaandika, unatuma, unalala asubuhi.

Usiku mmoja ikaja oda isiyofanana na zingine. Mwalimu fulani alikuwa amewaambia wanafunzi wake waeleze asili ya majina yao ya ukoo, kwa nafsi ya kwanza. Mteja alikuwa anasoma Uswisi. Jina lake la ukoo: Kelmendi. Maneno 1,500, siku mbili, dola 18.

Kwa hivyo nilikuwa nalipwa kuandika "sisi" kwa niaba ya watu ambao sikujua hata wako pembe gani ya ramani.

Usiku huohuo simu ikalia. Kikundi cha WhatsApp cha ukoo wetu. Mtu aliniingiza humo bila kuniuliza, na ninyi mnajua vikundi hivyo: asubuhi maombi, mchana picha za mazishi, jioni nambari ya M-Pesa. Mweka hazina alikuwa ameandika: "Mgonjwa wetu bado yuko hospitalini. Kila kijana wa ukoo 2,000. Undugu ni kufaana." Chini yake orodha ya waliotoa. Jina langu halikuwepo, na kila mtu angeweza kuona kwamba halikuwepo.

Nikafunga simu nikarudi kwa Kelmendi. Sikujua bado kwamba ni swali moja.

*

Kelmend ni eneo la milima kaskazini kabisa mwa Albania, kwenye mpaka na Montenegro. Kijiji cha Vermosh, kilicho cha mwisho kaskazini mwa nchi hiyo, kiko humo. Watu wa huko ni *fis*, neno la Kialbania linalotaja ukoo mkubwa unaokaribia kuwa kabila: watu wanaodai babu mmoja upande wa kiume, wenye ardhi yao, desturi zao na mwiko wa kuoana wao kwa wao. Hapo nilitabasamu. Mimi ni Mbukusu. Kwetu ukimpenda msichana, kabla hujasema lolote, bibi yako atauliza ukoo wake, wa baba na wa mama, na jibu linaweza kumaliza mambo kabla hayajaanza.

Jina lenyewe huunganishwa na Klementi, yule mtakatifu wa Wakristo wa kale, na kwa Kilatini jina hilo lina maana ya mtu mpole, mwenye huruma. Huenda jina hilo liliwachekesha majirani, maana Wakelmendi walijulikana kwa uasi na uvamizi. Milki ya Ottoman ilikuwa imewaandika katika daftari zake za kodi kufikia mwaka 1497, na karne zilizofuata ilituma majeshi kuwatuliza zaidi ya mara moja.

Lakini mwanzilishi alikuwa nani? Hekaya moja iliyokusanywa na wasafiri wa karne ya 19 inasema alikuwa mchungaji mgeni. Alikuja kutafuta kazi, akachunga mifugo ya mwenyeji, akamwoa binti wa mwenyeji, akazaa wana walioanzisha matawi ya ukoo. Siwezi kukuapia kwamba ilitokea hivyo, hekaya ni hekaya. Nilichogundua ni kwamba watu hao, wanaojisifu kwa damu moja, wanasimulia kuhusu babu yao kama mtu aliyefika akiwa hana kwao.

Kisha nikaona jambo lililonifanya nisimame. Katika mabonde yenyewe ya Kelmend, watu hujitambulisha kwa kijiji na kwa tawi: Selcë, Vukël, Nikç, Boga. Jina la ukoo "Kelmendi" utalikuta kwa wingi mahali pengine, hasa Kosovo, magharibi, upande wa mji wa Peja na bonde la Rugova. Ukifikiri kidogo, ina maana. Mahali ambapo kila mtu ni Kelmendi, hakuna haja ya kuitwa Kelmendi. Jina hilo linakushika ukishahama, na mara nyingi unapewa na wale unaoishi kwao kama mgeni. Ni kama yule jamaa wa mtaani kwetu tunayemwita Mkisii. Kule Kisii, nani angemwita hivyo?

Nikaandika sentensi hiyo kwenye insha ya mteja: "Jina letu lilizaliwa tulipoondoka." Nikajipongeza. Nikaongeza maji kwenye chai.

*

Kuondoka kwenyewe hakukuwa kwa hiari kila mara. Mnamo 1700, pasha wa eneo hilo alichoshwa na Wakelmendi, akawazingira, akawahamisha familia nyingi kwa nguvu hadi uwanda wa juu wa Pešter, ambao leo uko kusini magharibi mwa Serbia. Miaka michache baadaye baadhi yao walipigana njiani wakarudi milimani kwao. Wengine walibaki. Waliobaki wakawa Waislamu, na baada ya vizazi wengi wao wakaacha Kialbania na kuzungumza lugha ya Kislavi ya majirani.

Wengine walienda mbali zaidi. Baada ya vita vya 1737 hadi 1739 kati ya Austria na Milki ya Ottoman, kundi la Wakelmendi Wakatoliki waliokuwa wamesimama na Austria lilirudi nyuma pamoja na jeshi lake, likakaa eneo la Srem, kaskazini mwa mto Sava. Vijiji vyao viliitwa Hrtkovci na Nikinci. Huko waliitwa Waklimenti. Wakaoa, wakaolewa, wakasali kanisa moja na Wakroatia, na kufikia karne ya 20 wazao wao walikuwa wakihesabiwa kuwa Wakroatia.

Sasa hesabu. Aliyebaki mlimani ni Mkatoliki anayezungumza Kialbania. Wa Peja ni Mwislamu anayezungumza Kialbania. Wa Pešter ni Mwislamu anayezungumza Kislavi. Wa Hrtkovci ni Mkatoliki anayejiita Mkroatia na pengine hajui kwamba babu wa babu zake alichunga mbuzi karibu na Vermosh. Asili moja, lugha mbili, dini mbili. Ongeza wale ambao hawakuwa wa damu kabisa, waliojiunga na ukoo kwa sababu mtu peke yake milimani ni mtu aliyekufa. Ukisema hao wote ni ndugu, unasema nini hasa?

Waswahili wana majibu mawili na hayapatani. Jibu la kwanza: mkataa kwao ni mtumwa. La pili ndilo lile la mweka hazina wetu, ila yeye alilikata katikati. Lote ni hivi: undugu ni kufaana, si kufanana. Kama ni hivyo, mimi na ukoo wangu tulikuwa na mazungumzo ya kufanya.

*

Acha niseme lalamiko langu. Baba yangu aliondoka nikiwa na miaka mitano. Aliniachia jina lake na hakuniachia kitu kingine. Mama ndiye aliyenisomesha, kwa kuuza nguo za mitumba, na karo iliposhinda mitumba nilienda kwa hao wajomba wa baba, mmoja mmoja, na barua ya chuo mkononi. Nilipewa chai. Mmoja aliniombea. Sikutoka na shilingi. Leo hao wananiambia "kila kijana wa ukoo"? Ukoo uliuona wapi ujana wangu?

Ndiyo maana niliposoma juu ya Kanun nilikaa nayo usiku mzima. Kanun ya Lekë Dukagjini ni sheria ya desturi ya milima ya kaskazini mwa Albania. Ilipokezwa kwa mdomo kwa karne nyingi hadi padre Mfransisko, Shtjefën Gjeçovi, alipoikusanya. Ilichapishwa kitabu mwaka 1933, miaka minne baada ya yeye kuuawa. Humo nasaba ina miti miwili: upande wa baba ni mti wa damu, upande wa mama ni mti wa maziwa. Jina, ardhi na kisasi hufuata damu. Maziwa yanaheshimiwa, lakini si yanayobeba jina.

Nikafikiria kitambulisho changu. Majina matatu, hakuna hata moja la mama. Kila nilichokula ni maziwa. Kila nilichoandikwa ni damu.

Na hiyo damu haikuwa maneno tu. Kwa mujibu wa Kanun, mtu wenu akiuawa, mnadai damu. Zamani deni lilimwangukia muuaji peke yake. Baadaye likapanuka hadi kwa wanaume wote wa nyumba yake, hata mtoto aliye kwenye kitanda cha mtoto. Kijana anaamka asubuhi anakuta amekuwa mdaiwa wa roho, kwa kosa ambalo hakulifanya, dhidi ya mtu ambaye hakumjua. Kisa ni jina.

*

Unaweza kusema hayo ni mambo ya milimani, ya zamani. Lakini serikali nazo zimejua kusoma majina. Albania ya Enver Hoxha, iliyojigamba kwamba imeua ukabila, ilikuwa na kitu kinachoitwa *biografi*: faili ya familia yako. Jamaa mmoja akitoroka nchi au akifungwa kwa siasa, biografi ya wote inachafuka. Ungeweza kunyimwa chuo kwa ajili ya ami. Mimi nilinyimwa chuo kwa ajili ya pesa, na bado ninauma nikikumbuka. Hawa walinyimwa kwa ajili ya ukoo.

Turudi Hrtkovci. Mei 1992, Yugoslavia ikiwa inavunjika, mwanasiasa Vojislav Šešelj alihutubia mkutano hapo kijijini akitaka Wakroatia waondoke. Majina ya wakazi yalisomwa hadharani. Miezi iliyofuata watu wengi walihama kwa vitisho, wakibadilishana nyumba na wakimbizi Waserbia waliotoka Kroatia, na wenye mamlaka pale wakajaribu kukiita kijiji jina jipya, Srbislavci. Mwaka 2018 majaji wa Umoja wa Mataifa huko The Hague walimtia Šešelj hatiani katika rufaa kwa sababu ya hotuba hiyo, wakampa kifungo cha miaka 10, ambacho tayari alikuwa amekimaliza rumande.

Fikiria mzao wa wale Waklimenti. Babu zake walikimbia mlimani, wakasahau lugha, wakasahau ukoo, wakawa Wakroatia, wakadhani wamefika. Kisha mtu akasimama na orodha. Kumbe unaweza kuacha jina lako la kwanza na bado ukafukuzwa kwa jina la pili.

Hapa sihitaji kumweleza Mkenya. Mapema 2008, kwenye vizuizi vya barabarani, vijana walikuwa wakidai vitambulisho na kusoma majina. Hawakuuliza kama ukoo wako ulikulipia karo. Hawakuuliza kama unaipenda lugha ya babako.

Hilo lilinisumbua, kwa sababu lilivunja hoja yangu. Nilikuwa nimejenga hoja safi: ukoo haukunifaa, kwa hivyo si undugu, kwa hivyo sina deni. Lakini mwenye orodha hajali hoja yangu. Siku ya orodha mimi na yule mgonjwa nisiyemjua tunasimama upande mmoja, tupende tusipende. Labda hapo ndipo ukoo unapoanzia kweli, katika hatari mliyowekwa pamoja, na hadithi ya babu mmoja hutungwa baadaye ili kuipa sura. Yule mchungaji mgeni huenda alikuwa wengi.

*

Jina hilo limebebwa pia na watu waliolifanya zito kwa matendo yao. Bajram Kelmendi alikuwa wakili wa haki za binadamu mjini Pristina. Usiku ambao mabomu ya NATO yalianza kuanguka, Machi 1999, alichukuliwa nyumbani kwake pamoja na wanawe wawili, na wote watatu wakakutwa wamepigwa risasi. Mjane wake, Nekibe Kelmendi, naye mwanasheria, baadaye akawa Waziri wa Sheria wa Kosovo. Jina hilo yeye alilipata kwa ndoa. Kwa hesabu ya Kanun hakuwa hata wa damu hiyo. Alilibeba kuliko wengi waliozaliwa nalo.

Halafu kuna Majlinda Kelmendi, mcheza judo wa Peja. Olimpiki ya London 2012 alishindana chini ya bendera ya Albania, kwa sababu Kosovo ilikuwa bado haijakubaliwa na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki. Rio 2016 aliingia uwanjani akibeba bendera ya Kosovo, na siku chache baadaye akashinda dhahabu katika uzito wa kilo 52, medali ya kwanza kabisa ya nchi hiyo. (Sisi Kenya tuliitambua Kosovo rasmi Machi 2025 tu.) Mwaka huo nchi ilijulikana kwa jina lake kabla wengi hawajaijua kwenye ramani.

Lakini kilichonigusa kuliko medali kilitokea mwaka 1990. Kosovo ilikuwa imebanwa na serikali ya Belgrade, na wakati huohuo mamia ya familia za Kialbania zilikuwa zimejifungia majumbani kwa sababu ya visasi vya damu. Vijana wachache wa upande wa Peja, baadhi yao wametoka gerezani kwa makosa ya siasa, wakaamua kwenda nyumba kwa nyumba kuomba wenye madeni ya damu wasamehe. Wakamshirikisha mzee Anton Çetta, mtaalamu wa fasihi simulizi ambaye alikuwa ametumia maisha yake kukusanya hekaya za watu haohao. Tarehe 1 Mei 1990, mahali panapoitwa Verrat e Llukës, umati mkubwa ulikusanyika, na familia baada ya familia zikasimama mbele ya watu na kusamehe damu.

Soma hilo polepole. Hawakusema "sisi si wa ukoo huu tena." Hawakubadilisha majina. Walisimama kama wenye jina, wenye haki yote ya kudai, wakasema: deni hili hatulidai. Mkataa kwao alikuwa nani hapo? Hakuna.

Nikaona kwamba nilikuwa nimeuliza swali vibaya. Nilikuwa nauliza kama jina langu lina deni au halina. Jina lina deni, madeni tele, mengine ya haki na mengine ya upuuzi, na yataendelea kuletwa mlangoni hadi nife. Kinachobaki mikononi mwangu ni kuchagua lipi nililipe, lipi nilisamehe, na lipi nikatae kumrithisha mwanangu. Hiyo ndiyo kazi ya kuwa na jina. Baba yangu hakuifanya. Haimaanishi kazi yenyewe haipo.

Na kwa haki, lalamiko langu halikuwa safi. Nikiwa darasa la sita mama aliugua, nikakaa mwaka mzima kwa bibi, mama wa baba, kwenye shamba la ukoo. Nilikula mahindi ya shamba hilo. Sikuandika hilo kwenye hesabu yangu hadi usiku ule.

*

Nilimaliza insha alfajiri ya siku ya pili. Nilikuwa nimejaza "sisi" kila aya: sisi tulipanda milima, sisi tulifukuzwa, sisi tulisamehe. Nilikuwa najivunia. Saa tatu baadaye mteja akaandika. Ameipenda. Ana sahihisho moja: "Tafadhali badilisha 'sisi' iwe 'wao'. Mimi nimezaliwa huku. Sijawahi kufika huko. Sitaki kudanganya."

Nilicheka peke yangu chumbani. Mtu amemlipa mgeni wa Nairobi amwandikie hadithi ya jina lake, halafu anaogopa kudanganya! Lakini nilipoanza kubadilisha, kicheko kikaisha. Mteja alikuwa amekataa kitu ambacho mimi nilikuwa tayari kukiuza kwa dola 18. Aliona kwamba "sisi" si neno la bure, ukilisema, umeingia. Mimi nilikuwa nimelisema mara arobaini na kitu usiku mmoja, kwa ukoo wa watu, huku ukoo wangu nimeuzima sauti kwenye simu.

Sikumwambia lolote. Nilibadilisha, nikatuma, nikalipwa. Kazi hiyo niliiacha miezi michache baadaye, na insha hiyo ni sehemu ya sababu, ingawa si yote. Akaunti pia ilifungwa.

Jioni nilifungua kikundi cha ukoo. Jumbe 63. Nilizisoma zote, kutoka juu. Katika zote alikuwa "mgonjwa wetu". Hakuna hata mmoja aliyemtaja. Nikaandika, mara yangu ya kwanza kuandika humo: "Shikamooni wazee. Samahani, mgonjwa wetu anaitwa nani?"

Kimya. Kisha mtu akajibu kwa jina la kwanza tu, na mwingine akaongeza kwamba ni fundi wa baiskeli, ana figo, ana watoto wawili, wa mwisho yuko darasa la sita.

Nilituma 500. Si 2,000, sikuwa nazo, na hata ningekuwa nazo sikuwa nimefika hapo. M-Pesa haikuulizi unatuma kama nani, inatuma jina lako. Dakika chache baadaye mweka hazina alibandika orodha mpya, na pale chini nikajiona, nimeandikwa kwa jina la baba: "Mtoto wa fulani, 500."

Nilitaka kumsahihisha. Nilianza hata kuandika, kwamba mimi pia ni mtoto wa fulani, jina la mama. Nikafuta. Nikaandika tena. Safari hii nikatuma.